Saa ikikimbia inachelewa: mwanga ndio chanzo, au nao unafuata sheria tu?

#1 Kokotoo
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, si swali la mtihani.

Karibu kila anayefundisha uhusianifu (relativity ya Einstein) huanza na saa ya mwanga. Chukua vioo viwili vinavyotazamana, umbali kati yake mita 1.5. Mwanga ukienda na kurudi umetembea mita 3, sawa na nanosekunde 10 (nahesabu sentimita 30 kwa nanosekunde, hasa ni 29.98). Sasa isafirishe saa hiyo kwa 0.6 ya kasi ya mwanga, ikienda ubavuni, yaani mwendo wake unakata mwendo wa mwanga kwa pembe mraba. Wewe uliyesimama unauona mwanga ukipita mshazari. Kasi yake haibadiliki, njia imerefuka, kwa hiyo mdundo mmoja unakula nanosekunde 12.5. Ni Pythagoras tu, hakuna uchawi. Uwiano huo wa 1.25 ndio gamma.

Hadi hapo tuko pamoja. Lakini hiyo ni saa iliyoundwa kwa mwanga. Saa ya quartz haina vioo, wala moyo wa mtu. Kwa nini navyo vichelewe kwa uwiano uleule? Dai langu: mwanga ndio chanzo. Atomi zinashikana kwa nguvu za umeme na sumaku, nguvu hizo zinasafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kila kilichoundwa kwa atomi ni saa ya mwanga kwa ndani. Anayepinga alete hesabu.

#2 Mizani
Napinga kwa myuoni, chembe ndogo inayofanana na elektroni ila nzito zaidi. Ikiwa imetulia inaishi wastani wa mikrosekunde 2.197, kisha inageuka elektroni na nyutrino mbili. Kazi hiyo inafanywa na nguvu nyonge ya nyuklia. Hakuna umeme unaopiga huku na huko ndani yake. Kwa 0.995 ya kasi ya mwanga, bila uhusianifu, ingefika wastani wa mita 655 tu. Nyingi zinazaliwa kilomita 15 hivi juu, na bado zinatufikia huku chini.

Mwaka 1963 Frisch na Smith walizihesabu Mount Washington, Marekani, kwenye mwinuko wa mita 1,907, wakapata wastani wa 563 kwa saa. Karibu na usawa wa bahari wakapata 408. Safari ya kushuka inachukua mikrosekunde 6.4. Kama saa za myuoni zisingechelewa, zingebaki kama 27 tu. Walichopata ni kuchelewa mara 8.8. Mkuu Kokotoo, nionyeshe mwanga uko wapi ndani ya myuoni.

#3 Kokotoo
Kabla sijajibu: gamma ya 0.995 ni 10. Hiyo 8.8 imetoka wapi?

#4 Mizani
Swali zuri. Myuoni inapenya hewa na kupoteza nishati njiani, kwa hiyo inafika chini ikiwa na kasi ndogo kuliko ile ya juu. Gamma ya safari nzima ni wastani. Wenyewe waliuweka upungufu huo kwenye hesabu wakatabiri 8.4, na makadirio yao yalikuwa na nafasi ya kutosha kuimeza 8.8. Ukitaka namba safi nenda CERN, maabara ya chembe kule Ulaya. Mwaka 1977 walizungusha myuoni kwenye pete ya kipenyo cha mita 14, gamma 29.3, wakapima maisha ya mikrosekunde 64.4. Gawa kwa 2.197 uone unapata ngapi.

#5 Pembetatu
Nimegawa, 29.3. Naona wote wawili mnatafuta kitu kinacho*sukuma* saa ichelewe. Hakipo.

Mabasi mawili yametoka Dar kwenda Arusha, moja limepita Segera na Moshi, jingine limepita Dodoma na Babati. Yakifika, odometa zinasoma kilomita tofauti. Hakuna abiria atakayeuliza ni kitu gani kimeiharibu odometa ya hili au lile. Njia zilikuwa na urefu tofauti, basi. Saa ni odometa ya muda, na kanuni yake ni hii: muda wako mwenyewe ukiuzidisha kwa wenyewe ni sawa na muda wa aliyesimama kwa mraba, toa mraba wa umbali uliogawanywa kwa c (kasi ya mwanga). Mtu anakwenda miaka-mwanga 3 kwa miaka 5: 25 toa 9 ni 16, kipeuo chake 4. Kaishi miaka 4. Alama ya kutoa ndiyo inayoleta maajabu yote: kwenye barabara njia iliyopinda ni ndefu, kwenye muda njia iliyopinda ina sekunde chache.

Ndivyo mwanahisabati Minkowski alivyoiweka mwaka 1908, muda na nafasi vikiwa kitu kimoja: muda-nafasi. Hapo c ni kigezo cha kubadili sekunde kuwa mita. Mwanga unatokea tu kuwa mmoja wa wanaosafiri kwa kiwango hicho.

#6 Mzee_wa_Etha
Pembetatu, umeeleza *kiasi gani*, hujaeleza *kwa nini*. Odometa inasoma kilomita kwa sababu gurudumu linagusa lami. Ni nini kinachoifanya atomi ya siziamu (ile ya saa za atomi) iguse huo muda-nafasi wako na kuusoma?

Kokotoo yuko karibu na ukweli kuliko mnavyomtendea. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Heaviside alikokotoa uga wa umeme wa chaji inayokwenda kasi, ukatoka umebanwa upande wa mwendo. FitzGerald mwaka 1889 akasema basi kitu chenyewe kitafupika, maana kimeshikwa na nguvu hizohizo. Lorentz akaijenga hesabu kamili. Njia hiyo inatoa majibu yaleyale ya Einstein hadi tarakimu ya mwisho, na ina faida ya kukuonyesha mashine inavyofanya kazi.

Jambo wasilolitaja wengi: Ives na Stilwell, ambao mwaka 1938 walipima moja kwa moja kuchelewa kwa muda kwa kutumia mwanga wa hidrojeni inayokwenda kasi. Ives mwenyewe alikuwa mpinzani wa Einstein. Alilisoma jaribio lake kama ushindi wa Lorentz.

#7 Pembetatu
Mzee jina lako linakusaliti. Etha yako, ile iliyodhaniwa imejaa kila mahali na kubeba mwanga, ina kasi gani na inaelekea wapi? Michelson na Morley waliitafuta Cleveland mwaka 1887 kwa njia ya mwanga iliyokunjwa kwa vioo hadi kama mita 11. Walitegemea mistari ya mwanga na giza, inayotokea miale miwili ikikutana, isogee 0.4 ya upana wake. Hawakuona hata sehemu ya kumi ya hiyo.

#8 Mzee_wa_Etha
Haina haja ya kuonekana. Kama mkono wa kifaa unafupika kwa kiasi kilekile kinachohitajika, mistari haitasogea. Tazama saa ya Kokotoo, ila ilaze ielekee upande wa mwendo. Bila kufupika: kwenda mbele mwanga unafukuza kioo kinachokimbia, mita 1.5 kwa tofauti ya kasi ya 0.4c, nanosekunde 12.5. Kurudi unakutana na kioo kinachokuja, 1.5 kwa 1.6c, nanosekunde 3.125. Jumla 15.625. Lakini saa ileile ikiwa wima, ikienda ubavuni kwa kasi hiyohiyo, ilisoma 12.5! Saa moja haiwezi kuwa na midundo miwili. Fupisha mkono hadi mita 1.2: kwenda 10, kurudi 2.5, jumla 12.5. Imekaa.

Jina naomba mliache, nililichagua kwa heshima ya waliotangulia.

#9 Mizani
Hesabu ya #8 ni sahihi, kila namba. Tatizo langu ni palepale. Nguvu za umeme zimeeleza mkono wa chuma. Kwa myuoni utahitaji kudai kwamba nguvu nyonge nayo imepangwa kwa ulinganifu uleule wa Lorentz, yaani sheria zilezile kwa kila anayekwenda kwa kasi isiyobadilika. Kisha nguvu ya nyuklia inayoshika protoni, nayo hivyohivyo. Sheria tatu tofauti, zote kwa bahati zinafuata c moja? Pembetatu akisema ni umbo la muda-nafasi, angalau analipa deni hilo mara moja.

#10 Mzee_wa_Etha
Analikopa kwingine. Amesema "umbo" na hajasema kwa nini maada inalitii umbo hilo.

#11 Swali_Fupi
Nawasoma kwa makini. Swali: kama saa inazidi kuchelewa kadiri kasi inavyopanda, kwa mwanga wenyewe muda umesimama kabisa? Nasikia fotoni (chembe ya mwanga) inazaliwa na kufa papo hapo.

#12 Bi_Sekunde
Hilo linarudiwa kila mahali na linahitaji kuwekwa sawa.

Anza na msafiri mwenye uzito. Jua liko sekunde 499 za mwanga kutoka hapa. Akija kwa 0.9999c, gamma ni 70.7, saa yake inahesabu kama sekunde 7. Akija kwa 0.999999c, gamma 707, inahesabu sekunde 0.7. Ukiendelea hivyo namba inakaribia sifuri. Watu wanaona sifuri wanasema, "basi ukiwa mwanga ni sifuri."

Lakini angalia alichonacho msafiri huyo. Hata kwa 0.999999c, akiwasha tochi mbele yake, mwanga unamwacha kwa kilomita 299,792 kwa sekunde. Hajaukaribia hata kidogo. Ili useme "kwa mtazamo wa fotoni" unahitaji fremu (mtazamo wa anayekwenda kwa kasi isiyobadilika) ambayo fotoni imetulia, na kanuni ya msingi inasema katika kila fremu mwanga unakwenda kwa c. Hauwezi kuwa umetulia na unakwenda kwa c kwa pamoja. Kwa hesabu, gamma ni 1 gawa kwa sifuri, haina jibu.

Kinachosemwa kwa usahihi ni hiki: kwenye njia ya mwanga, ile kanuni ya Pembetatu (#5) inatoa sifuri. Sifuri hiyo ni sifa ya njia. Si usomaji wa saa, kwa sababu hakuna saa inayoweza kupita njia hiyo. Ukitaka kuona, fuata kilele kimoja cha wimbi kutoka kwenye nyota hadi kwenye darubini. Ni kilele kilekile mwanzo hadi mwisho. Hakuna kitu kinachodunda njiani, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu. "Muda umesimama" na "muda haupo wa kupimwa" ni kauli mbili tofauti, na ya kwanza ndiyo inayowapotosha watu.

#13 Swali_Fupi
Asante Bi Sekunde. Na nyutrino? Zamani zilisemwa hazina uzito.

#14 Mizani
Nyutrino ni mfano mzuri sana wa alichosema. Vituo vya kunasa nyutrino, Super-Kamiokande kule Japani mwaka 1998, kisha SNO kule Kanada mwaka 2001 na 2002, walionyesha kwamba zinabadilika aina njiani. Kinachobadilika njiani lazima kiwe na muda wake, na chenye muda wake hakiwezi kwenda kwa c kamili, kwa hiyo kina uzito. Hapo "saa" ilitumika kama ushahidi wa uzito.

#15 Dira
Tushuke ardhini kidogo. Haya yote yako kwenye simu yako: bila Einstein, GPS ingekosea kilomita 11 kila siku. Hiyo peke yake inamaliza ubishi.

#16 Setilaiti
Dira, hiyo kilomita 11 imenukuliwa mpaka imechakaa, na haiko sawa namna inavyosemwa.

Namba kwanza. Setilaiti iko kilomita 20,200 juu, inakwenda kilomita 3.87 kwa sekunde. Kwa mwendo huo saa yake inachelewa mikrosekunde 7.2 kwa siku. Kwa kuwa juu, ambako mvutano wa dunia ni hafifu, inawahi mikrosekunde 45.8. Jumla inawahi 38.6. Zidisha kwa c unapata kilomita 11.6. Hapo ndipo watu wanaposimama.

Sasa fikiria risiva inavyofanya kazi. Haina saa ya atomi. Inachukua setilaiti nne au zaidi na kutafuta vitu vinne: mahali pake kwa pande tatu, na kosa la saa yake yenyewe. Kama setilaiti *zote* zimewahi kwa 38.6, kosa hilo ni moja kwa zote, linamezwa na kile cha nne. Mahali pako hapasogei kilomita 11. Kinachobaki ni kwamba utaitafuta setilaiti kwenye obiti kwa muda uliopotoka kwa mikrosekunde 38.6, na kwa kilomita 3.87 kwa sekunde hiyo ni sentimita 15 kwa siku ya kwanza.

#17 Dira
Kwa hiyo uhusianifu hauhitajiki kwenye GPS?

#18 Setilaiti
Unahitajika sana, ila penye kuuma ni pengine.

Kwanza, muda. Mitambo ya simu na gridi za umeme zinachukua saa kutoka GPS, na hao wanaumizwa na 38.6 moja kwa moja. Ndiyo maana masafa ya saa yanapunguzwa kabla ya kurushwa: badala ya megahezi 10.23 inawekwa 10.22999999543, ili ikifika juu isomeke 10.23. Setilaiti ya majaribio NTS-2 ya mwaka 1977 iliachwa siku 20 bila marekebisho ili waone kwanza. Ilitabiriwa kuwahi kwa sehemu 446.5 kati ya trilioni moja, ikapimwa 442.5.

Pili, yale yasiyolingana kati ya setilaiti na setilaiti, maana hayo hayamezwi. Obiti si duara kamili. Ikikaribia dunia inakwenda kasi na iko chini, saa inachelewa; ikienda mbali inawahi. Kwa obiti yenye e (kipimo cha kutokuwa duara) ya 0.01 hiyo ni nanosekunde 23 juu na chini, karibu mita 7. Risiva yako lazima iisahihishe yenyewe.

Tatu, kuzunguka kwa dunia. Ishara inachukua milisekunde 67 ikiwa setilaiti iko utosini, hadi 86 ikiwa kwenye upeo wa macho. Ukiwa Nanyuki au Kisumu, kwenye ikweta, ardhi inakubeba mita 465 kwa sekunde. Mpaka ishara ifike umeshasogea mita 31 mashariki. Sisi wa ikweta ndio tunaolipa bei kubwa kuliko wote hapa. Mtu wa Oslo analipa nusu yake.

#19 Kipimo_Sahihi
Mkuu Setilaiti, kwa wanaoandika programu zao za kusoma data ghafi, weka hatua. Wengi wanakwama na mita 30 za mashariki-magharibi zisizoondoka.

#20 Setilaiti
Mita 30 za mashariki-magharibi ni alama ya hiyo ya tatu, hajazungusha koordineti. Fanya hivi: gawa umbali kwa c upate muda wa safari. Zidisha muda huo kwa 7.2921151467×10^-5 upate pembe kwa radiani. Zungusha koordineti za setilaiti kwenye mhimili wa Z kwa pembe hiyo, kisha kokotoa umbali upya na urudie mara mbili au tatu mpaka namba itulie. Kosa likizidi badala ya kupungua, umezungusha upande usio wake.

Kwa obiti: ongeza kwenye saa ya setilaiti −4.442807633×10^-10 × e × √a × sin E, ambapo a ni nusu ya kipenyo kirefu cha obiti na E ni pembe inayoonyesha setilaiti imefika wapi kwenye obiti. Makosa ninayoyaona sana ni mawili. La kwanza, ujumbe wa setilaiti unakuletea √a tayari, namba ya kama 5153.7, mtu anaichukulia kama a na kuipigia kipeuo tena, sahihisho linakuwa dogo hadi halionekani. La pili, E imeachwa kwa digrii wakati programu inasoma radiani. Hapo unaona kosa linalorukaruka bila mpangilio.

#21 Kipimo_Sahihi
Barikiwa. Hilo la √a ni ugonjwa wa wengi.

#22 Bi_Sekunde
Naongezea kwa Setilaiti. Setilaiti ya 5 na ya 6 za Galileo, mfumo wa Ulaya unaofanana na GPS, zilirushwa Agosti 2014 zikaingia obiti isiyo sahihi, ya duaradufu ndefu. Kwa urambazaji ilikuwa hasara, kwa fizikia ikawa bahati: saa zao zinawahi na kuchelewa kwa nanosekunde karibu 370 kila mzunguko, nyingi mno kulinganisha na zile 23. Mwaka 2018 vikundi viwili vya watafiti vilitoa vipimo vilivyopita usahihi wa Gravity Probe A, saa iliyorushwa kwa roketi mwaka 1976, uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 40.

#23 Dira
Kama ikweta inakwenda mita 465 kwa sekunde, basi saa ya Mombasa inachelewa kuliko ya Ncha ya Kaskazini. Nimepiga: v² gawa kwa 2c², nanosekunde 104 kwa siku. Einstein mwenyewe aliandika hivyo mwaka 1905.

#24 Mizani
Aliandika kweli, na hesabu yako ya mwendo ni sahihi, ila mwaka 1905 mvutano ulikuwa bado haujaingia kwenye nadharia. Dunia imetuna kiunoni: ikweta iko kama kilomita 21 mbali zaidi na kitovu kuliko ncha. Kutuna huko kunaiwahisha saa kwa kiasi kilekile ambacho mwendo unaichelewesha. Si bahati. Bahari hujipanga mpaka uso wake uwe na nishati sawa kila mahali, mzunguko ukiwa umeshahesabiwa humo, na nishati hiyo ndiyo inayoamua mwendo wa saa. Saa zote zilizo usawa wa bahari zinadunda sawa, iwe Mombasa au ncha.

Kinachobaki ni mwinuko. Kila mita inaongeza sehemu 1.09×10^-16. Nairobi kwa mita 1,700 inaipita Mombasa kwa nanosekunde 16 kwa siku. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, nanosekunde 55.

#25 Swali_Fupi
Na ndani ya maji? Mwanga unashuka hadi kilomita 225,000 kwa sekunde. Elektroni ikienda kwa 0.8c majini inaupita mwanga. Muda wake unarudi nyuma?

#26 Bi_Sekunde
Haurudi. Gamma haijui habari za maji. Weka 299,792,458 siku zote: kwa 0.8c gamma ni 1.67, saa ya elektroni inachelewa kwa uwiano huo, majini au angani. Kuupita mwanga wa majini inaruhusiwa na inatokea: ndio ule mwanga wa buluu wa Cherenkov kwenye mabwawa ya tanuri za nyuklia, kama TRICO II ya Kinshasa ilipokuwa ikifanya kazi. Elektroni inahitaji 0.75c tu, sawa na nishati ya mwendo ya MeV 0.26.

Na hapa Kokotoo ana la kujibu. Kama mwanga ndio chanzo cha kuchelewa, kwa nini kupunguza kasi ya mwanga hakubadilishi kuchelewa?

#27 Kokotoo
Najibu. Ndani ya maji, kati ya atomi na atomi uga unasafiri kwa c ileile. Kasi ndogo inatokana na mawimbi ya atomi kuchanganyika na wimbi la asili. Kwa hiyo hoja yangu inasimama. Chanzo ni uga wenyewe. Lakini myuoni ya Mizani inanisumbua, nakiri kwamba sijaona njia ya kuizunguka bila kusema nguvu zote zina c moja.

#28 Pembetatu
Ukishasema hivyo umeshahamia kwangu. Mwaka 1910 Ignatowski alionyesha kwamba hauhitaji mwanga hata kidogo. Chukua kanuni kwamba fremu zote ni sawa, nafasi ni ileile kila mahali na kila upande, na kuhama fremu mara mbili ni sawa na kuhama mara moja. Zinatoka hesabu za Lorentz zenye kasi moja kubwa isiyojulikana. Kama haina mwisho unapata Newton. Kama ina mwisho unapata Einstein. Ni ngapi? Kapime. Hata ikigundulika kesho kwamba fotoni ina uzito mdogo sana, mwanga utakwenda chini kidogo ya kasi hiyo na uhusianifu utabaki palepale.

Ushahidi wa angani: tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya mvutano ya GW170817 yalifika, na sekunde 1.7 baadaye mionzi ya gamma ikaonekana, baada ya safari ya miaka-mwanga milioni 130 hivi. Mvutano si mwanga, na kasi ni ileile.

#29 Mwangwi
Mnapigania chanzo, mimi natumia Doppler (ishara zinavyokuja polepole ukiachana na mtumaji, haraka ukimkaribia) na sihitaji chochote kati ya hivyo. Kwa 0.6c kigezo ni kipeuo cha 1.6 gawa kwa 0.4, yaani 2 kamili. Pacha mmoja anaondoka, miaka-mwanga 3 kwenda na 3 kurudi. Kila mmoja anatuma ishara moja kwa mwaka wa saa yake.

Msafiri, miaka 4 ya kwenda, anapokea moja kila miaka 2: mbili. Miaka 4 ya kurudi anapokea mbili kwa mwaka: nane. Jumla 10. Wa nyumbani anapokea za polepole mpaka mwaka wa 8, kwa sababu habari ya kugeuka, iliyotokea mwaka wa 5, inachukua miaka 3 kufika: nne. Miaka 2 iliyobaki anapokea za haraka: nne. Jumla 8. Mmoja kaishi 10, mwingine 8, na kila mmoja kazihesabu kwa macho yake. Tofauti iko wazi: msafiri aliona ishara zikibadilika *mara tu* alipogeuka, wa nyumbani alisubiri miaka 3.

#30 Mzee_wa_Etha
Safi, ila sasa umeleta mchapuko. Kugeuka ndiko kulikoleta tofauti?

#31 Mizani
Kugeuka kunatenganisha njia, hakuongezi kuchelewa kwenyewe. Zile myuoni za CERN zilikuwa zikipinda muda wote kwenye pete, mchapuko zinaouhisi ukiwa mara 10^18 ya g (mchapuko wa mvutano wa dunia), na bado maisha yao yalifuata gamma ya kasi peke yake hadi kama sehemu moja kwa elfu.

#32 Kitendawili
Wote mmejenga juu ya kitu ambacho hakijapimwa. Mmesema mwanga kwenda ni c. Vipimo vyote ni vya kwenda *na kurudi*. Kupima upande mmoja unahitaji saa mbili zilizooanishwa, na kuzioanisha unatumia mwanga, au unahamisha saa, ambayo nayo inachelewa ikihama. Einstein mwaka 1905 alisema wazi kwamba usawa wa kwenda na kurudi ni makubaliano. Ile 10 na 2.5 ya Mzee (#8) inabadilika ukibadilisha makubaliano, 12.5 haibadiliki.

#33 Dira
Rømer alipima upande mmoja mwaka 1676. Io, mwezi wa Jupita, ulichelewa kupatwa dunia ilipokuwa mbali. Aliona dakika 22 kwa kipenyo cha njia ya dunia. Leo tunajua ni 16.6. Hakuna kioo wala kurudi hapo.

#34 Kitendawili
Saa yake ilikuwa Io, na Jupita nayo inahama. Msomaji yuko duniani, naye anahama. Umetumia saa iliyohamishwa polepole na kudai kuhama huko hakukuigusa. Ndani ya dai hilo umeshaweka usawa wa pande zote mbili.

#35 Mwangwi
Hapo sikubali haraka hivyo. Ukihamisha saa polepole zaidi na zaidi, kuchelewa kunapungua kwa mraba wa kasi wakati muda wa safari unaongezeka kwa kinyume cha kasi yenyewe tu. Kosa linakwenda sifuri. Hiyo ni njia ya kuoanisha isiyogusa mwanga.

#36 Kitendawili
Mraba wa kasi unatoka kwenye kanuni iliyoandikwa kwa makubaliano ya Einstein. Iandike kwa makubaliano mengine na kunatokea kipande cha kasi ya kwanza ambacho hakipungui. Dira, weka hesabu ya Io hapa ukiwa umechukua kwenda kuwa 0.5c na kurudi kutokuwa na kikomo, kisha tuone kama zile dakika 16.6 zitabadilika.